Dawa ya mtoto ikae wapi shuleni?

Mapema mwaka 2004, wasimamizi wa makao ya watoto ya Nyumbani, upande wa Karen jijini Nairobi, walienda mahakamani kudai kitu ambacho mzazi wa kawaida hukipata kwa kupanga foleni tu: nafasi katika shule ya msingi. Watoto waliokuwa wakipiganiwa walikuwa wanaishi na virusi vya Ukimwi. Elimu ya msingi ilikuwa imetangazwa kuwa ya bure Januari 2003, na kote nchini watoto walikuwa wamefurika madarasani hadi wengine wakaketi sakafuni. Hawa wa Nyumbani walibaki nje. Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti aliyekuwa pia daktari, ndiye aliyeanzisha makao hayo mwaka 1992, na hakukubali wanawe wafungiwe lango. Serikali ilikubali watoto hao wapokelewe katika shule za umma.

Miaka miwili baadaye, 2006, Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi. Sheria hiyo inasema wazi kwamba shule hairuhusiwi kumlazimisha mtoto kupimwa virusi ndipo apewe nafasi, wala kumnyima nafasi au kumfukuza kwa sababu ya hali yake.

Naanzia huko kwa sababu mradi wa Lea Toto, uliozaliwa na Nyumbani hiyo hiyo, umewatunza kwa miaka mingi watoto wenye virusi hivyo katika mitaa ya Kawangware na Kibera wakiwa makwao, kwa mama, kwa shangazi, kwa nyanya. Huamka alfajiri, huvaa sare na kwenda shule kama wenzao. Wakishaingia langoni hukutana na swali ambalo sheria ya kuandikishwa haikulimaliza, na ambalo linamhusu pia mtoto mwenye pumu, mwenye kifafa, mwenye selimundu na mwenye kisukari: dawa yake ikae wapi, nani aijue, na nani ampe saa ikifika?

Katika shule nyingi za mitaa hii, kuandikisha mtoto ni shughuli ya karatasi. Cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na kwa wale wa chekechea, kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Mwalimu hukifungua, huangalia kama chanjo zimekamilika, kisha hukirudisha. Zaidi ya hapo, habari za afya ya mtoto huachwa kwa bahati. Ama haziulizwi kabisa, ama huulizwa kwa sauti mezani: mtoto ana shida yoyote ya kiafya? Mama atajibuje, na nyuma yake kwenye foleni amesimama jirani wa ploti moja? Atasema hana. Mwalimu ataandika hana. Kuanzia siku hiyo mtoto mgonjwa anasoma kwenye shule ambayo daftari lake linasema ni mzima.

Msomaji asiyeishi huku aelewe ni shule za namna gani tunazozungumzia. Kibera ina shule za umma zinazojulikana, kama vile Olympic, Ayany na Toi, na Kawangware ina Kawangware Primary na Gatina, lakini hazitoshi. Watoto wengi husoma katika shule ndogo za watu binafsi, za makanisa au za wanajamii, zile ambazo serikali huziita APBET: vyumba vya mabati, ada inayolipwa kidogo kidogo, walimu wanaopokea mshahara wazazi wakilipa. Taifa lilizitazama shule hizi kwa uchungu Septemba 23, 2019, jengo la Precious Talent huko Ng'ando, Dagoretti, lilipoporomoka asubuhi na kuua watoto wanane. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa ya kuta, sakafu na vibali vya ujenzi, na yalihitajika sana. Kukosekana kwa kabati la dawa hakuna kishindo cha namna hiyo. Madhara yake humpata mtoto mmoja mmoja, siku tofauti, katika shule tofauti, na hakuna anayeyajumlisha.

Sera ipo. Tangu 2009 Kenya ina Sera ya Kitaifa ya Afya Shuleni, iliyoandaliwa na wizara za afya na elimu kwa pamoja, na mwaka 2018 ilipitiwa upya. Inazungumzia maji, lishe, magonjwa, ulemavu na haki za mtoto. Lakini sera hiyo haijapata mtu wa kuibeba hadi darasa la mabati lililoko Lindi ya Kibera au Congo ya Kawangware, ambako hakuna muuguzi, na sanduku la huduma ya kwanza mara nyingi ni bandeji mbili na chupa ya spiriti iliyokauka.

Chukua pumu. Mitaa hii ina kila kinachoichochea: moshi wa makaa na mafuta taa ndani ya chumba kimoja, taka zinazochomwa kando ya reli, vumbi la Januari, baridi na ukungu wa Julai. Mtoto akibanwa, dawa yake ni inhela ya salbutamol, na anaihitaji ndani ya dakika chache. Sasa, shule zilizo na kanuni yoyote kuhusu dawa huwa na moja tu: dawa zote zikae ofisini. Kwa vidonge, kanuni hiyo ina busara, maana vidonge mfukoni mwa mtoto wa miaka saba hugawanywa kama peremende kabla ya saa nne. Kwa inhela, ni kanuni ya hatari. Mwalimu mkuu akienda benki au mkutano wa ofisi ya elimu, ofisi hufungwa na ufunguo huondoka naye. Inhela inapaswa kukaa na mtoto mwenyewe akishajua kuitumia. Akiwa mdogo, ikae na mwalimu wa darasa, karibu na mkono.

Kuna shida ya pili isiyozungumzwa sana. Mtoto mdogo hawezi kubonyeza inhela na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, kwa hiyo dawa nyingi huishia mdomoni na kooni. Hospitalini hutumika chombo cha plastiki kinachoishika dawa ili mtoto aivute polepole, na bei ya chombo hicho huwashinda wazazi wengi. Mwaka 1999, daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliolinganisha vyombo vya dukani na chupa ya kawaida ya plastiki, ile ya soda ya nusu lita. Waliitoboa chupa kitakoni, wakapachika inhela ikakaza, na mtoto akavuta dawa kupitia mdomo wa chupa. Kwa watoto waliokuwa wamebanwa na pumu, chupa hiyo ilifanya kazi sawa na chombo cha kununuliwa.

Ukiitazama chupa hiyo kwa karibu, hakuna ufundi wa ajabu. Huoshwa, ikakaushwa. Tundu hukatwa kwa umbo la mdomo wa inhela, si kubwa zaidi, ili hewa isipenye pembeni. Mtoto hufumba midomo kwenye mdomo wa chupa, inhela hubonyezwa mara moja, naye huvuta na kutoa pumzi taratibu mara kadhaa kabla ya kubonyeza tena. Muuguzi wa Kituo cha Afya cha Riruta au wa kliniki yoyote ya Kibera anaweza kumfundisha mwalimu jambo hili kwa muda wa mapumziko ya chai, na kila mtoto mwenye pumu akawa na chupa yake yenye jina lake. Inaniuma kwamba ujuzi wenye umri wa zaidi ya miaka ishirini, na usiohitaji zaidi ya chupa tunayoitupa, haujawa kitu cha kawaida katika madarasa yetu.

Selimundu nayo ni ya mitaa hii kwa namna ya pekee. Ugonjwa huu wa damu hurithiwa zaidi na watu wenye asili ya sehemu zenye malaria nyingi, na Kibera na Kawangware zimejaa familia zilizotoka Nyanza na Magharibi. Mtoto huyu humeza vidonge vyake nyumbani, asidi ya foliki kila siku, na wengine haidroksiurea, hivyo mwalimu haoni dawa yoyote. Dawa anayoihitaji shuleni ni maji. Akipungukiwa maji, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo, na maumivu huanza mifupani, tumboni, kifuani. Na kwa kuwa figo zake hazizuii maji vizuri, akinywa inavyotakiwa lazima aende haja ndogo mara kwa mara.

Mweke mtoto huyo katika shule inayonunua maji kwa mtungi wa lita 20, yenye choo kimoja au viwili kwa madarasa yote, na mwalimu anayehesabu kila ombi la kutoka kuwa utundu. Baada ya kukemewa mara mbili tatu mbele ya wenzake, atajifunza kutokunywa. Kisha Julai inafika, mabati yanapoa usiku kucha, na baridi nayo ni chanzo kingine cha maumivu hayo hayo. Shule inayomvua mtoto huyu koti kwa sababu si la sare inamsogeza kwenye kitanda cha hospitali ya Mbagathi bila kujua. Chupa ya maji mezani, ruhusa ya choo isiyoombwa kwa sauti, na koti lolote juu ya sare: hiyo ndiyo sera ya dawa ya mtoto mwenye selimundu, na haihitaji kibali cha daktari.

Kwa kifafa nitasema machache, kwa kuwa ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Vidonge ni vya nyumbani, asubuhi na jioni au usiku. Shuleni anahitaji watu wasiokimbia. Alazwe ubavu, meza zisogezwe, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, saa itazamwe. Ikipita dakika tano apelekwe hospitali. Povu haliambukizi. Darasa zima likifundishwa hivyo mara moja, mtoto hatatengwa. Na mwenye kisukari cha utotoni apewe pahali pa faragha pa kujidunga insulini, na aruhusiwe kula kitu sukari ikishuka, hata kama ni katikati ya somo la hesabu.

Kutokana na mifano hii, naona kwamba mwalimu hahitaji kuujua ugonjwa kama daktari aujuavyo. Anahitaji kujua la kufanya. Shule zetu zimegeuza mambo: zinapouliza, huuliza jina la ugonjwa, na zikishalipata hazijui lifanyiwe nini. Jina hubaki likizunguka midomoni mwa watu.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi kwa mtoto anayetumia ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Miaka iliyopita wadogo walikuwa wakipewa dawa za maji chungu, asubuhi na jioni, ambazo walizitema. Mwaka 2021 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuanza kuwapa watoto dolutegravir ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, mara moja tu kwa siku. Dawa hiyo humezwa nyumbani. Shule ya kutwa haina kazi yoyote ya kuifanyia, kwa hiyo haina sababu ya kuijua, isipokuwa mzazi mwenyewe ameamua kumwamini mwalimu fulani. Inachodaiwa ni kumruhusu mtoto aende kliniki siku yake ikifika bila kumhoji darasani alikuwa wapi jana. Kikaratasi cha kliniki kinachosema mtoto alihudumiwa kinatosha, na si lazima kitaje alihudumiwa nini.

Serikali yenyewe iliwahi kupotea hapa. Februari 23, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa umri wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na za walezi wao na akina mama wajawazito. Shirika la KELIN lilienda mahakamani, na Nyumbani, ile ile ya 2004, ikawa miongoni mwa walalamishi. Desemba 7, 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo, kwa jinsi lilivyotaka majina na hali za watu viunganishwe, lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya mtoto. Ningependa kila mwalimu mkuu aijue hukumu hiyo. Orodha ya namna ile haihitaji amri ya rais. Yaweza kuandikwa na mwalimu yeyote mwenye nia njema, katika daftari linaloachwa wazi mezani. Tangu 2019 tuna pia Sheria ya Kulinda Data, inayoziweka habari za afya katika fungu la zile za kulindwa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Mambo hubadilika kijana akienda bweni. Barua ya kujiunga huja na fomu ya uchunguzi wa afya, na kabla ya kufungua shule wazazi hupanga foleni katika hospitali za umma wakitafuta sahihi na muhuri. Bwenini dawa ya kila siku lazima ilale mahali. Kijana asiyemwamini mtu huviondoa vidonge kwenye chupa, kwa kuwa chupa hupiga kelele ndani ya sanduku, akavifunga kwa karatasi au pamba. Hapo vinapata unyevu, na lebo yenye jina na kipimo imebaki nyumbani. Kisha kunakuwa na ukaguzi wa masanduku, anaogopa, anavitupa. Hapa shule inahitaji kujua, na anayehitaji kujua ni mtu mmoja, muuguzi au matroni, si mwalimu wa zamu, kiranja wala mpishi. Wakati huo huo kinga ya matibabu imepungua. Bima ya EduAfya, iliyoanza 2018 kwa wanafunzi wa sekondari za umma, ilikoma mwishoni mwa 2023. Chini ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyoanza Oktoba 2024, mtoto huhesabiwa kupitia kwa mzazi, na mzazi wa kibarua asipolipa mchango, mtoto akilazwa hana wa kumlipia.

Walimu wana hofu yao na siidharau. Mwalimu wa shule ya mabati, asiye na bima wala mshahara wa uhakika, akimpa mtoto dawa na mtoto akadhurika, nani atasimama naye? Wazazi pia wana sehemu yao. Wapo wanaomtuma mtoto na vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kwa kaka yake, vimefungwa kwenye gazeti, bila jina wala kipimo. Wapo wanaompitisha kwenye duka la dawa asubuhi, akanunuliwa Mara Moja ya maumivu ya kichwa, akaambiwa ameze nusu yake ikifika saa nne. Mwalimu akikataa kushika dawa ya namna hiyo, yuko sahihi kabisa. Dawa ya kuachwa shuleni iwe kwenye pakiti yake, na karatasi ya hospitali ieleze jina la mtoto, kipimo na saa.

Lakini kwamba mwalimu wa Kenya hawezi kugawa dawa, hilo si kweli, na historia yetu yenyewe inalikataa. Mwaka 1998 ulianza Busia mradi wa kuwapa dawa za minyoo wanafunzi wa shule 75. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, walioufuatilia, walichapisha mwaka 2004 kwamba ulipunguza utoro kwa robo. Kremer alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Kutokana na kazi ile, serikali ilianzisha mpango wa kitaifa mwaka 2009 na kuuimarisha 2012, na walimu waliofunzwa ndio wanaowapa mamilioni ya watoto kidonge cha albendazole na kuandika kila jina. Hawakugeuzwa madaktari. Walipewa mafunzo mafupi, daftari, na namba ya kupiga mtoto akionyesha dalili mbaya.

Kibera nayo imelipa taifa ujuzi wake. Watafiti wa KEMRI na wa CDC ya Marekani waliwafuatilia wakazi kwa miaka kupitia kliniki ya Tabitha, iliyoanzishwa na muuguzi Tabitha Atieno Festo kwa faida ya biashara ya mboga. Mwaka 2012 walichapisha kwamba homa ya matumbo ilikuwa ikipatikana Kibera kwa kiwango cha watu 247 kati ya 100,000 kwa mwaka, ilhali Lwak, mashambani huko Siaya, ilikuwa 29. Chanjo ya ugonjwa huo ilipowafikia watoto wa Kenya Julai 2025, kuanzia wa miezi tisa hadi wa miaka 14, wazazi wa mitaa hii walikuwa na haki ya kuipokea kama yao.

Kampeni za namna hiyo hufaulu kwa sababu huja, huchanja na kuondoka. Pumu na selimundu hazina siku ya kampeni. Zinahitaji mtu anayebaki, na mtu huyo tayari yupo mtaani. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wenye begi lenye kipimajoto, mizani na mashine ya kupima presha na sukari, wanaozunguka nyumba hadi nyumba. Katika Kibera na Kawangware, shule ya mabati iko katikati ya nyumba hizo hizo. Kila shule ikabidhiwe mhudumu mmoja, aitembelee, na awe kiungo kati ya mwalimu na kliniki, akibeba siri za watoto kwa kiapo kile kile anachobebea siri za ploti.

Shule yenyewe iteue mwalimu mmoja wa dawa, na wa pili wa kumshikia siku asipokuwepo. Iwe na kabati dogo la kufungwa, funguo mbili, na daftari la dawa linalokaa ndani ya kabati hilo. Na fomu ya kuandikisha ibadilishwe. Swali la ugonjwa liondolewe, na mzazi aitwe kando, mlango ukiwa umefungwa, aulizwe mambo manne: mtoto anahitaji nini mchana akiwa shuleni, nini kikimtokea tuharakishe, tufanye nini kwanza, na tumpigie nani. Majibu yaandikwe kwa nakala mbili, moja ya mzazi, moja ya kabati.

Wizara ya Elimu na Kaunti ya Nairobi zinaweza kuichapisha karatasi hiyo kabla ya muhula wa kwanza, na kuipeleka kwa shule za APBET pamoja na za umma. Na ofisa wa elimu atakapofika Gatina au Laini Saba kukagua vyoo na kuta, aombe aonyeshwe kabati, na aulize funguo zake ziko kwa nani.